Kuunganisha mitaa jirani kwenye jukwaa moja la mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wenyeviti wa mitaa, watendaji, wajumbe, vikundi vya usafi, vijana wa ulinzi shirikishi na wakazi wa Dar es Salaam, hasa wanaoishi kandokando ya mto Msimbazi na vijito vyake. Ninayajibu kama katibu wa jukwaa linalounganisha mitaa sita iliyopakana. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Jukwaa la pamoja la mitaa ni kitu gani hasa?

Ni mahali pamoja mtandaoni ambapo mitaa jirani inapashana habari zinazovuka mpaka. Kila mtaa unabaki na grupu lake kama kawaida. Juu yake kuna vitu vitatu: njia moja ya matangazo inayowafikia wote, grupu dogo la wawakilishi wa mitaa yote, na daftari moja la kero ambalo kila mwakilishi anaweza kulifungua kwenye simu yake. Hakuna kompyuta ya kununua wala fundi wa kuajiri.

2. Kila mtaa tayari una grupu la WhatsApp. Kwa nini tuongeze jingine?

Kwa sababu maji, taka, moto na vibaka havisimami kwenye mpaka wa mtaa, lakini magrupu yetu yanasimama hapo.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza katikati ya jiji na kumwaga baharini kwenye daraja la Salender. Anayekaa juu anayaona maji kabla ya anayekaa chini. Usiku mmoja wa masika, kijana wa mtaa ulio juu yetu alipiga picha ya kivuko cha miguu: maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefika kwenye bomba la pili la kushikia. Akaituma kwenye grupu la mtaa wake saa 4 usiku. Wenzake wengi wanakaa mwinuko. Wakasema "Mungu atunusuru", wakalala. Kwetu bondeni hakuna aliyeiona. Saa 7 usiku jirani yangu aliteremsha miguu kitandani akakanyaga maji, na ndoo yake ya unga ilikuwa inaelea chumbani. Ile picha mimi niliipata kesho yake saa 3 asubuhi, nimetumiwa na shemeji anayekaa huko juu.

Taarifa ilikuwepo, tena mapema, na aliyeituma alifanya wajibu wake wote. Kilichokosekana ni njia ya kuivusha hadi mtaa wa pili, na jukwaa hili lipo kwa ajili ya hiyo njia.

3. Si bora kuweka watu wote kwenye grupu moja kubwa?

Tulifanya hivyo mwanzoni na ilituchukua wiki tatu kujuta. Kwanza, grupu la WhatsApp lina kikomo cha watu 1,024, na mtaa mmoja wa uswahilini unazidi hapo bila kuhesabu watoto. Pili, na hili ndilo kubwa, kelele. Tangazo la mvua linakaa chini ya salamu za Ijumaa, picha za harusi, mtu anayeuza viatu vya mitumba na ubishi wa Simba na Yanga. Watu wakazima mlio, na grupu lililozimwa mlio haliwezi kumwamsha mtu usiku.

Soga zibaki kwenye grupu la mtaa, ambako zina kazi yake. Watu wanaojuliana hali ndio wanaosaidiana. Kinachopanda kwenye jukwaa ni kile tu kinachomhusu mtu wa mtaa mwingine.

4. Nani mwenye mamlaka ya kulianzisha?

Mkazi yeyote anaweza kutoa wazo, ila usilianzishe kimyakimya. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha waombe walifikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wenyeviti wote wa mitaa ni wajumbe wa kamati hiyo, diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu, kwa hiyo mnapata baraka za wote kikao kimoja. Jukwaa lililoanza bila ofisi kujua huitwa grupu la wapinzani kabla halijafikisha mwezi.

Anzeni na mitaa miwili au mitatu inayogusana kweli, yenye mfereji mmoja au dampo moja. Mingine itaomba kuingia ikiona faida.

5. Je, jukwaa linachukua nafasi ya mkutano wa mtaa?

Hapana. Maamuzi ya mtaa yanafanyika kwenye mkutano wa wakazi, na yanaandikwa kwenye muhtasari unaokaa ofisini. Jukwaa linafaa kuitisha watu, kuwakumbusha ajenda na kuwaletea wasiofika yaliyokubaliwa. Kura ya kubofya kidole gumba haina uzito wowote, kwa sababu bibi asiye na simu janja hakuulizwa.

Wala si namba ya dharura. Nyumba ikiungua, piga 114 kwanza, Zimamoto. Tukio la polisi ni 112. Ukishapiga, ndipo uandike kwenye jukwaa ili majirani wafungue njia ya gari kupita.

## Kuanza na kuendesha

6. Tutumie programu gani?

Ile ambayo watu wanayo tayari. Kwa mitaa mingi ya Dar ni WhatsApp, na tangu mwaka 2022 ina sehemu ya Jumuiya inayokusanya magrupu kadhaa chini ya paa moja na kuyapa ubao mmoja wa matangazo ambao maadmini pekee ndio wanaoandika. Kwenye ubao huo mkazi wa kawaida haonekani namba yake kwa wengine, jambo linalowatuliza akina dada wengi.

Kuna walioshauriwa watengeneze programu yao wenyewe. Mimi siungi mkono. Programu mpya inadai kupakuliwa, nenosiri, nafasi kwenye simu iliyojaa, na mtu wa kuihudumia mwaka wa pili aliyeitengeneza akishahama. Fedha hizo zinunulie kipaza sauti na tochi.

7. Wawakilishi wawe wangapi, na kazi yao ni nini?

Sisi tuna watatu kila mtaa, jumla 18. Mmoja anatoka ofisi ya mtaa, mmoja kwenye kikundi cha usafi au ulinzi shirikishi, na wa tatu ni mkazi anayekaa mahali penye tatizo lenyewe: karibu na mto, dampo, au kichochoro chenye giza. Huyu wa tatu ndiye mwenye thamani kubwa kuliko sote. Kwetu ni mama anayekaanga vitumbua pembeni ya kivuko. Saa 10 alfajiri yuko macho, na mto anauona kila siku.

Kazi yao ni mbili. Kuleta habari ya mtaa wao kwenye grupu la wawakilishi, na kushusha habari ya wengine kwenye grupu la mtaa wao. Tunapeana zamu za wiki, na mwenye zamu haruhusiwi kuzima simu usiku wakati wa masika na vuli.

Tuna kanuni moja isiyo na msamaha: ujumbe wa hatari unajibiwa "Nimeona" pamoja na jina la mtaa. Mtaa usipojibu ndani ya dakika 15, aliyetuma anapiga simu ya kawaida. Alama mbili za bluu hazihesabiki, maana mtu anaweza kufungua simu akiwa kwenye daladala na asisome.

8. Ujumbe uandikwe vipi ili usipotee?

Hapa ndipo panapohitaji mafunzo kuliko pengine popote, kwa hiyo naeleza kwa kirefu.

Ujumbe wa namna hii hausaidii: "Jamani huku hali mbaya sana maji yanakuja tuombeane!!!" Huku ni wapi? Maji yako wapi na yanapanda au yanashuka? Umeandikwa saa ngapi? Ukisambazwa mara tatu, unaweza kuzunguka jiji zima wiki nzima na kuwatia watu hofu ilhali jua linawaka.

Ujumbe unaofaa unabeba mambo matano: mtaa, alama inayojulikana, saa, unachokiona kwa macho yako, na nini kifanyike. Kwa mfano: "MAJI. Mtaa wa juu, kivuko cha shule ya msingi. Jumatano saa 3:40 usiku. Maji yamefika ngazi ya tatu, yanapanda. Wa bondeni hamisheni watoto na vyeti sasa." Sentensi fupi, anayesoma kwa tochi anaelewa.

Neno la kwanza tumeliweka kwa herufi kubwa na tuna maneno sita tu: MAJI, MOTO, USALAMA, TAKA, MSIBA, MKUTANO. Mtoto akipotea tunatumia USALAMA. Wengine wametaka tuongeze aina nyingine, nimekataa. Yakizidi hapo hakuna atakayeyakumbuka usiku wa manane.

Sauti za kurekodi zinaruhusiwa, kwa kuwa wapo wasiopenda kuandika, lakini zisizidi nusu dakika, na mwenye zamu aandike kiini chake chini yake. Sauti ya dakika nne haisikilizwi na mtu mvuani.

9. Daftari la kero linafanyaje kazi?

Ni jedwali la mtandaoni lenye safu za tarehe, mtaa, kero, imepelekwa kwa nani, nani anafuatilia na imefikia wapi. Wawakilishi wote wanaliona. Wanaoandika ni makatibu wawili.

Faida yake inaonekana mkienda ofisini. Mtaa mmoja ukilalamika kwamba gari la taka halijapita wiki mbili, unaambiwa gari ni bovu. Mitaa sita ikifika na jedwali linaloonyesha tarehe za kila mtaa, mazungumzo yanabadilika. Tuligundua pia mitaa miwili ilikuwa inafuatilia bomba lilelile lililopasuka, kila mmoja na afisa wake, na kila afisa akidhani mwenzake ameshashughulikia.

Safu ya "nani anafuatilia" isiachwe wazi wala isiandikwe "kamati". Iandikwe jina la mtu.

10. Tunahitaji ramani?

Ndiyo, na bahati nzuri Dar es Salaam kazi kubwa imeshafanyika. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora nyumba, njia, mifereji na maeneo yanayofurika. Tandale ilikuwa imetangulia kuchorwa mwaka 2011. Waliwauliza wenyeji maji yalifika wapi, na kweli kila mzee wa bondeni anaweza kukuonyesha ukutani alama ya Desemba 2011, yale mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuhamishia familia nyingi Mabwepande.

Ramani hizo ziko wazi kwenye OpenStreetMap. Pakueni eneo lenu mkiwa na mtandao, kisha programu kama Organic Maps itaendelea kulionyesha hata bando likiisha. Zaidi ya hapo, kubalianeni majina ya alama. Mtaa mmoja wanasema "kwa Mpemba", wa jirani wanasema "kwenye mwembe uliokatwa", kumbe ni kona ileile.

11. Wakazi wasio na simu janja tunawafikiaje?

Wasiachwe, mara nyingi wao ndio wanaokaa mahali pabaya zaidi. Wenye kitochi wanatumiwa SMS na mwakilishi wa mtaa wao, kwa orodha iliyogawanywa ili mtu mmoja asitume zaidi ya namba 20. Wasio na simu kabisa wanapangiwa jirani wa kuwagongea mlango, kwa jina. Kwa hatari ya usiku tumeongea na viongozi wa msikiti na kanisa, wakakubali vipaza sauti vyao vitumike. Wenye ulemavu wa kusikia wako kwenye orodha ya kugongewa na kumulikwa tochi.

12. Bando analipa nani?

Kila mtu lake, isipokuwa mwenye zamu. Tumekubaliana kila mtaa umnunulie mwakilishi wake bando la wiki ya zamu. Ni fedha ndogo, na kumbebesha mtu mmoja miezi yote ndiyo sababu ya kwanza ya wawakilishi kupotea.

## Usiri, uvumi na fedha

13. Je, tunaweza kusambaza picha na namba za watu?

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa lugha nyepesi: usichukue taarifa ya mtu bila kumweleza ya kazi gani, na usiitumie kwa kazi nyingine. Orodha ya namba ya kuonyana mafuriko isigeuke orodha ya kampeni au ya biashara ya mikopo.

Picha ya mtuhumiwa wa wizi hatuiweki, hata kama aliyetuma ana uhakika. Sote tunajua kijana akiitiwa mwizi uswahilini dakika tano zinatosha kumtoa roho, na mara ngapi imebainika baadaye siye. Taarifa yake inapelekwa kwa polisi kata. Kwenye jukwaa tunaandika tukio, mahali na saa tu. Picha ya mtoto aliyepotea inawekwa kwa ridhaa ya mzazi na inafutwa akipatikana. Picha za maiti na majeruhi, kamwe.

14. Uvumi tunauzuiaje?

Ujumbe usio na mambo matano ya swali la 8 haupandi kwenye matangazo. Ujumbe uliosambazwa kutoka kwingine haupandi mpaka mwakilishi mmoja aseme "nimethibitisha" na kwa nani. Habari za mvua kubwa zitoke Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Macho ya watu wetu yanaripoti mto, hayatabiri mawingu.

Uvumi mkali zaidi kwetu ni wa fidia na bomoabomoa. Tangu mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi uanze kufanya tathmini na kulipa fidia, kila mwezi inazuka tarehe mpya ya kubomoa. Watu wameuza mabati kwa bei ya kutupa kwa sababu ya ujumbe usio na jina la mwandishi. Habari ya aina hiyo tunaipeleka kwa mtendaji, na tunaweka matangazo yenye mhuri wa ofisi pekee. Mkumbuke pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza habari za uongo, na kusema "nilitumiwa tu" si kinga.

15. Tunaweza kuchangishana kupitia jukwaa?

Kutangaza mchango, ndiyo. Kukusanya, hapana. Fedha za msiba au za kuzibua mfereji ziende kwa mweka hazina wa mtaa husika, kwa namba iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Namba hiyo ndiyo pekee. Sote tumeshatumiwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli wanasubiri msiba ndipo waingie. Anayedai namba imebadilika apigiwe simu na asikike sauti.

## Siasa, ugomvi na hali zisizo za kawaida

16. Wenyeviti wana vyama. Jukwaa litabakije la wote?

Mwenyekiti anachaguliwa kwa tiketi ya chama, na balozi wa shina ni kiongozi wa chama, lakini mfereji ukiziba unamwaga kwa wote. Hatuweki picha za wagombea, rangi za chama wala salamu za ushindi, na mwezi wa kampeni ubao wa matangazo unashikwa na wawakilishi wasiogombea.

Jambo linalosahaulika ni siku ya makabidhiano. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, tulisikia mitaa ambako kiongozi aliyemaliza muda aliondoka na grupu zima kwa kuwa admini alikuwa yeye peke yake. Kila grupu liwe na maadmini watatu, mmoja asiwe kiongozi wa kuchaguliwa. Daftari la kero lifunguliwe kwa anwani ya barua pepe ya jukwaa.

17. Mitaa miwili ikigombana mbele ya wote?

Itatokea, na kwa kawaida ni kuhusu taka: wa chini wanawalaumu wa juu kwamba wanatupa mifuko mtoni mvua ikianza. Mwenye zamu aandike mara moja, "Tunalimaliza uso kwa uso," kisha ubishi usimame. Wawakilishi wa pande zote waende pamoja kwenye eneo. Sisi tulipokwenda tulikuta wa juu hawana pa kutupa kabisa, kwani mkokoteni wa taka haushuki kwenye kichochoro chao. Tukakubaliana eneo la kukusanyia barabarani. Mifuko mtoni imepungua ingawa haijaisha.

18. Diwani, mkandarasi wa taka au mfanyabiashara akiomba kuingia?

Diwani na watumishi wa kata wanakaribishwa kwenye grupu la wawakilishi, kwa masharti yaleyale ya swali la 16. Mkandarasi tunamwalika kwa mada na siku maalumu. Matangazo ya biashara yabaki kwenye magrupu ya mitaa yenyewe.

19. Mtaa mmoja ukikaa kimya miezi mitatu?

Nendeni mkawaone. Mara nyingi mwakilishi amehama, simu imeibwa, au amekasirika kwa jambo dogo ambalo hakulisema. Msimwondoe mtu bila kuongea naye. Mtaa ukiamua kujitoa, mpeni mtu mmoja wa huko namba ya mwenye zamu, maana mto utaendelea kupita kwao.

20. Umeme na mtandao vikikatika usiku wa mvua?

Hilo ni la kulitarajia, kwa hiyo msitegemee data peke yake. Mwenye zamu awe na namba za wawakilishi wote 18 kwenye karatasi iliyofungwa kwa nailoni, na kitochi chenye chaji. Ikishindikana kupiga, kila mtaa una vijana wawili wa kukimbia hadi mtaa unaofuata chini, kwa njia iliyokubaliwa isiyopita kwenye kivuko. Kabla ya masika, mwishoni mwa Februari, tunafanya jaribio Jumamosi jioni: mama wa vitumbua anaanzisha ujumbe, na tunapima dakika hadi mtaa wa sita ujibu. Mara ya kwanza ilichukua dakika 52. Mara ya mwisho, dakika 11.